Mtunza Bustani Bado Hajasema

Bungu, masika ya mwaka 2000

Jumatatu, 6 Machi

Mvua ya kwanza ya maana imeshuka leo baada ya alasiri, wakati Grasiela yuko katikati ya kulia. Bati la banda likanguruma, midomo yake inacheza na sauti haisikiki. Ikabidi nimlilie mimi. Nimesimama pembeni ya televisheni na fimbo yangu, nikalia kwa Kiswahili, na akina mama wakaridhika. Bi Mwanamkuu, ambaye akikohoa tu banda zima linageuka, amesema nimelia kumshinda mwenyewe.

Ndiyo kazi yangu ya jioni. Mchana natengeneza redio hapa barabarani; baada ya alasiri natafsiri mchezo kwenye banda la video la Sadallah. Dada yake aliyeko Mbagala anaurekodi kwenye televisheni, kanda anampa kondakta wa basi, na sisi huku tunawasha jenereta. Watu wa mchezo ule ni wa nchi za mbali, wametiwa sauti za Kiingereza. Kiingereza nimejifundisha mwenyewe, kwa redio na kwa makaratasi ya maelekezo yanayokuja na vipuri. Mtu akizungumzia betri namwelewa neno kwa neno. Akizungumzia mapenzi, yasiyonifikia nayajaza mwenyewe. Hajalalamika mtu.

Mchezo tunauita Jumba la Mapazia. Jumba liko juu ya jabali, lina vyumba vingi kuliko watu, na mvua ya kule haina adabu: hainyeshi ila mtu akitaka kutoa siri. Mume wa Grasiela, Anselmo, inasemekana alizama mtoni na maiti haikuonekana. Picha yake iko ukutani, mikono kifuani, inamwangalia kila anayeingia. Chumba cha juu kimefungwa, na kila magharibi taa inawaka humo bila mtu kujua anayeiwasha. Mwanasheria anamtaka Grasiela. Daktari anamtaka. Mdogo wake marehemu anamtaka. Na mtunza bustani, Tadeo, anamtaka kuliko wote ila hasemi. Toka tuanze mchezo huu anapunguza maua yale yale kwa mkasi ule ule.

Mwamvua anakaa mwisho wa benchi la mbele, karibu na fimbo yangu. Anauza vitumbua kwa abiria wa mabasi. Mumewe, Huseni, tulitoka naye jando moja. Masika ya mwaka juzi alikwenda Kiongoroni, kwenye visiwa vya mdomo wa mto, kukata boriti za mikoko. Mtumbwi ulionekana umepinduka, mwenyewe hakuonekana. Toka hapo Mwamvua si mjane wala si mke. Kaka yake, Saadi, hawezi kumwoza, na yeye hawezi kukaa eda. Mimi ananiita shemeji, kwa sababu ya Huseni. Ni neno la heshima na silipendi.

Jumatano, 8 Machi

Mwamvua amepita kuulizia redio yake. Nimemwambia kipuri bado hakijafika kutoka Dar.

Redio ilipona Januari.

Jumapili, 12 Machi

Leo mwanasheria amempigia Grasiela magoti. Bi Mwanamkuu akauliza, "Kadondosha nini?"

"Anaposa, Bi Mkubwa."

"Bila mshenga? Peke yake? Basi hana watu huyo. Akataliwe."

Grasiela akamkataa, banda likapiga vigelegele. Kisha wakamwonyesha Tadeo chini ya dirisha, amelowa chapachapa, ameshika ua.

"Shemeji," akasema Mwamvua, taratibu, "huyu naye anangoja nini?"

"Anamheshimu. Mume hajajulikana kama yu hai au amekufa."

"Na mwenyewe mwanamke akiwa anajua?"

"Anajua nini?"

"Nauliza tu," akasema. Banda zima likasema mchezo umemwingia Mwamvua.

Ijumaa, 17 Machi

Idi. Nyama, mvua, nyama. Mwamvua ameniletea sahani imefunikwa kawa, akaulizia redio. Kipuri bado.

Jumatatu, 20 Machi



Amekuja mchuuzi wa kambakochi kutoka Nyamisati, redio yake imeingia maji ya chumvi. Nikiwa nimeifungua, tunazungumza haya na yale, akaniuliza kama mimi ni wa hapa hapa. Nikasema ndiyo. Akasema kule visiwani wanaye mtu wa Bungu, fundi wa kukata boriti, hana kidole kidogo cha kushoto.

Huseni alikikata kidole hicho kwa panga, tukiwa vijana, mbele ya macho yangu.

"Yuko hai?" nikauliza.

"Hai ya nini zaidi? Ana mke Kiongoroni, ana watoto, anaswalisha hata tarawehe imamu akiumwa."

Nimeitengeneza redio ile nikaifunga na kuifungua tena, maana nilisahau bisibisi ndani. Mchuuzi amekwenda zake. Na mimi nimebaki na maneno ambayo siwezi kumpa mtu. Nikimwambia Saadi, atauliza kesho yake kwa nini mwanamume asiye na mke anachunguza habari za mume wa dada yake. Nikimwambia mwenyewe Mwamvua, nimemvunja moyo kwa mkono wangu, halafu nimpelekee posa kwa mkono huo huo? Na nisiposema, atazeekea kwenye benchi lile akimngojea mtu anayeswalisha tarawehe.

Jumamosi, 25 Machi

Barabara imekatika. Mabasi yamelala Kimanzichana, matairi hayaonekani. Mwamvua amerudi na ndoo yake ya vitumbua imejaa. Nimenunua vingi kuliko tumbo langu. Hakuna kanda.

Jumanne, 28 Machi

Sadallah alitaka kufunga banda. Ni mtu mzito, ana lori la boriti, ana mke Kibiti, na nilikuwa sijawahi kumsikia akisema jambo ambalo halina faida ndani yake. Lakini akina mama wamekuja, wamekaa, wanaiangalia televisheni iliyozimwa.

"Razaki," akasema Bi Mwanamkuu, "wewe lugha yao unaijua. Basi na mwendo wao utakuwa unaujua. Tuambie kilichotokea."

"Bila picha?"

"Picha tunazo kichwani. Tupe maneno."

Sadallah akapiga hesabu usoni: kiingilio nusu, petroli hakuna. Akaniitikia kwa kichwa.

Basi nimesimama na fimbo yangu mbele ya kioo cheusi nikasimulia. Radi sikuhitaji kuitengeneza, ilikuwepo. Nimemwamsha Grasiela usingizini, nimempandisha ngazi, nimemsimamisha mbele ya chumba kilichofungwa, nikakomea hapo. Wamegoma kuondoka. Mwamvua alikuwa ameshika ncha ya kanga yake mdomoni.

Sijapata kuwa na raha kama ile. Niandike tu, maana ndiyo kweli.

Jumamosi, 1 Aprili

Mvua. Mlango wa chumba umefunguka. Ndani hamna mtu, pana viatu vya kiume, vimelowa.

Jumapili, 2 Aprili

Mvua. Bi Mwanamkuu amekuja na wajukuu. Hawana pa kukaa, wamekaa juu ya jenereta.

Jumanne, 4 Aprili

Nimelala nikiwaza, nimeamka nimeamua. Ambacho mdomo wangu hauwezi kumwambia Mwamvua, Jumba la Mapazia litamwambia. Akielewa, ataelewa peke yake, bila aibu, katikati ya watu wasiojua.

Nikasimulia. Anselmo hakuzama. Alipindua mtumbwi makusudi, akaogelea ng'ambo. Yuko kijiji cha ng'ambo, ana mke mwingine, ana watoto, anakata miti. Matone ya paa yalisikika. Nikamtazama Mwamvua. Alikuwa anatazama kioo cheusi kama kwamba kweli kina kitu.

Nikaogopa hajanielewa. Nikaongeza: "Na mkono wake wa kushoto hauna kidole kidogo."

"Aa, wapi," akasema Bi Mwanamkuu. "Kwenye picha ya ukutani vidole vyake vimetimia. Mimi nimevihesabu."

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikapungua kimoja kimoja, kama watu wanaotoka kwenye mvua. Nusu ya wale akina mama walimpaka Huseni mafuta kidole kile kilipokuwa kibichi. Mlangoni alikuwa amesimama Saadi, kaka yake Mwamvua, amekuja kumchukua dada yake na mwavuli. Hakufunga mwavuli. Alisimama nao wazi, ndani ya nyumba.

Mwamvua akainuka, akapita mbele yangu.

"Umeifanyia nini hadithi, shemeji?" akasema, kwa sauti ya chini. Hakuwa na mshangao usoni. Nimelifikiria hilo jioni yote: hakuwa na mshangao hata kidogo.

Jumatano, 5 Aprili

Saadi amekuja kwenye meza yangu asubuhi. Hakukaa.

"Umeyapata wapi?"

Nikamwambia mchuuzi, redio, kidole. Yote isipokuwa sababu.

"Ungekuja kwangu. Mimi ndiye kaka yake. Umekwenda kuyasimulia mbele ya wajukuu wa Bi Mwanamkuu."

Nikamsogezea kiti. Akakaa sasa, amechoka. "Nitampataje mtu yule? Mtoni sijui njia."

Njia anazijua Sadallah, kwa biashara yake ya boriti. Saadi amemwendea, na Sadallah amekubali siku hiyo hiyo. Barabara ya Nyamisati ni matope matupu, wamekwenda kwa miguu pamoja, viatu mkononi. Nimewatazama hadi wakapotea. Nimejisemea kimoyomoyo kwamba huyu Sadallah hata faida ya safari hii ataipata mahali.

Jumamosi, 8 Aprili

Wako mtoni. Mwamvua haji bandani. Grasiela analia kila siku, kwa kuwa sijui nimfanye nini.

Jumanne, 11 Aprili

Wamerudi, wamepauka kwa chumvi. Habari imezunguka Bungu kabla hawajanawa miguu. Huseni hakukana. Alimpa Mwamvua talaka mwaka juzi mwishoni, mbele ya imamu na mashahidi wawili, akatuma ujumbe kwa mdomo na mama mmoja muuza dagaa. Imamu amethibitisha. Shehe wetu amesema eda ilikwisha zamani, mwanamke yuko huru.

Basi mtu niliyekuwa namheshimia mke hakuwa na mke. Nimepita mbali na nyumba isiyo na mlinzi.

Jioni Mwamvua amekuja bandani, kwenye benchi lake. Akina mama wamempisha kama mwenye msiba. Mimi moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma. Nimejua cha kufanya. Nitamleta Tadeo taratibu. Siku ya kwanza aangushe mkasi. Siku ya pili apande ngazi. Siku ya tatu agonge mlango. Jumamosi aseme, na kesho yake mimi nitamwendea Saadi, na Mwamvua atakuwa amekwisha kujua ni nani anayesema.

Leo Tadeo ameangusha mkasi.

Jumatano, 12 Aprili

Tadeo amepanda ngazi. Nimempandisha kipandio kwa kipandio. Mwamvua akaniuliza mbele ya wote, "Shemeji, huyu mtunza bustani atasema lini?"

"Subira. Bado."

"Mwambie aharakishe."

Watu wamecheka sana. Nami nimecheka.

Alhamisi, 13 Aprili

Amegonga mlango. Nikakomea hapo, banda likapiga kelele. Mwamvua amebaki nyuma wenzake walipotoka. Akakunja mkeka ambao si wake.

"Hata leo hasemi?"

"Keshokutwa," nikamwambia, nimejaa furaha ya msimuliaji. "Keshokutwa utasikia."

Akauegesha mkeka ukutani. "Haya," akasema.

Ijumaa, 14 Aprili

Mvua imepungua. Hatukusimulia, ni Ijumaa. Nimefua kanzu.

Jumamosi, 15 Aprili

Nimekwenda kwa Saadi asubuhi badala ya kungoja kesho kama nilivyopanga, maana subira ilinishinda. Nilikuwa nimevaa kanzu iliyofuliwa. Nimemkuta anachambua mpunga wa mbegu.

Nikaanza kwa mbali, kama inavyopasa. Akaniacha nizunguke, nizunguke, kisha akaweka ungo chini.

"Razaki, ndugu yangu, unamtaka Mwamvua?"

"Ndiyo."

Neno lenyewe lilikuwa fupi kiasi kile.

Saadi akatazama mpunga. "Sadallah alisema kwenye mashua, tunarudi. Hakuzunguka. Alisema, kama dada yako yuko huru, mimi namtaka, mke wangu wa Kibiti nimekwisha kuzungumza naye juu ya kuoa tena. Nikamwambia huyu si mwali, ana kauli yake, nitamuuliza. Nikamuuliza Jumanne ile ile. Akaomba nimpe mpaka Ijumaa."

"Mpaka Ijumaa kwa nini?"

"Hakusema. Jana baada ya swala akanijibu ndiyo."

Nimerudi kwa njia ya nyuma. Jioni nimesema koo linauma. Bi Mwanamkuu amenitumia tangawizi.

Jumapili, 16 Aprili

Jana sikuandika yote. Nimekaa nayo.

Jumanne aliniuliza nini? Hakuuliza, alikuja akakaa karibu nami. Jumatano aliuliza lini. Alhamisi alikunja mkeka wa mtu. Nami niliyaandika humu kila siku, nikidhani macho yangu hayapitwi.

Jumanne, 18 Aprili

Amekuja kuchukua redio. Safari hii hakuulizia kipuri.

Niliitoa chini ya meza, imefungwa kitambaa, haina vumbi. Akaiwasha. Ikaimba taarabu, safi.

"Ilipona Januari," akasema.

"Ulijuaje?"

"Nilikusikia unaijaribu. Nilikuwa napita na ndoo yangu. Kesho yake nikaja, ukaniambia kipuri. Nikasema moyoni, haya, kumbe na yeye. Nikawa naja."

Nikazima redio, maana ule wimbo haukuwa na huruma.

"Na Huseni?"

"Yule mama wa dagaa ujumbe alinifikishia. Mimi nimejijua niko huru toka mwaka jana."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, Saadi angeniozesha mwezi ule ule. Kila mwenye ng'ombe au baiskeli angekuja. Wakinijua mke wa mtu, naachwa nipumzike. Nikakaa humo, Razaki. Nikamngoja mtu mmoja aje kuniambia neno, nimwambie na mimi kwamba hakuna mume."

Ameniita jina langu. Miaka yote hii, mara ya kwanza.

"Niliogopa utadhani namkosea heshima Huseni," nikasema. "Nilikuwa naleta maneno taratibu. Jumamosi Tadeo angesema."

"Mimi sikuwa namngoja Tadeo." Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali. "Ulilokuwa nalo kunihusu umelisema mbele ya banda zima, kwa kinywa cha mtu asiyekuwepo. Nikasema labda la kwako utalisema mwenyewe. Nikaomba siku. Nikaja, nikakaa karibu nawe, nikakuuliza. Ukaniambia subira, ukacheka."

"Unaweza kumwambia Saadi..."

"Nimesema ndiyo, kwa mtu mzima aliyetembea kwenye matope kwa ajili yangu na kuniambia anachotaka. Si mtu mbaya. Humjui tu."

Akaichukua redio. Mlangoni akageuka kana kwamba kuna kitu amesahau, kisha akaona hakuna.

Ijumaa, 21 Aprili

Mvua ya mwisho mwisho. Sadallah amenikuta bandani, akaniuliza kama koo limepona. Akaniletea asali. Sikutaka kumpenda na bado sijampenda, lakini niandike haki: mtu huyu anajua kusema jambo mara moja.

Ijumaa, 5 Mei

Ndoa imefungwa baada ya swala. Nimekula pilau. Ilikuwa nzuri.

Jumatano, 10 Mei

Mabasi yamepita. Dada wa Mbagala ameleta kanda zote za masika kwenye mfuko wa sukari.

Jumapili, 14 Mei

Jua. Jenereta imeungurumishwa, banda limefurika hadi nje. Mbele kabisa wamewekwa viti viwili vya mito, cha Sadallah na cha mkewe. Mwisho wa benchi, mahali pa Mwamvua pa zamani, amekaa Bi Mwanamkuu, miguu ameinyoosha.

Kanda zikatuumbua wote. Anselmo hakuwa ng'ambo na hakukata mti. Alikufa kweli, na taa ya chumba cha juu aliyekuwa akiiwasha ni Tadeo, kila magharibi, ili Grasiela asiogope giza. Akina mama wakanigeukia.

"Razaki, wewe ulitudanganya," akasema Bi Mwanamkuu. "Lakini ya kwako ilikuwa na viatu."

Kisha Tadeo akasimama mlangoni kwa Grasiela, kofia mkononi, na bila mvua, bila radi, akafungua mdomo. Alisema kwa kirefu. Maneno yake yote yalinifikia, hakuna hata moja lililopotea. Nikabaki nimeshika fimbo.

Banda likangoja. Kutoka kwenye kiti cha mbele ikaja sauti ninayoijua.

"Shemeji, anasemaje?"

Ni shemeji tena, kwa njia ya Sadallah sasa, na neno limekaa sawasawa mahali pake.

Nikatafsiri. Kwa mara ya kwanza toka nianze kazi hii sikuongeza wala kupunguza. "Anasema: nilikupenda toka siku ya kwanza. Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukwambia, na siku nzuri nilikuwa nazo zote."

"Alikuwa wapi huyu?" akasema Bi Mwanamkuu. "Mwenzie keshapakwa hina."

Kwenye jumba lile Grasiela alikuwa amevaa shela, anangoja kuolewa na daktari. Kwenye kiti cha mito Mwamvua akaingiza mikono yake chini ya kanga, taratibu, mmoja halafu wa pili.

"Na mwanamke kamjibu nini?" akauliza Sadallah, anatafuna karanga, amependezwa kweli.

Nikatazama kioo.

"Amefunga pazia," nikasema, ingawa hilo kila mtu alikuwa amekwisha kuliona.